Moshi wa Nyumba ya Kulia

Kwa miaka mia moja na kumi na saba ukoo wetu uliwadanganya akina Haskett, mabwana wa jumba la Clonavarra, na uliwadanganya kwa bidii, kwa adabu, na bila kukosa hata mara moja. Naandika hili bila aibu. Kuna koo zilizotoa maaskofu, na nyingine zilizotoa waendesha farasi wa mashindano. Sisi akina Gilsenan tulitoa moshi.

Yeyote atokaye Mullingar kwa basi huliona lango la Clonavarra mara tu baada ya daraja: nguzo mbili za mawe, milango ya chuma yenye mikuki, na kila upande nyumba moja ndogo. Nyumba hizo zinafanana kama viatu vya mtu mmoja. Kila moja ina chumba kimoja, safu ya nguzo nne mbele kama hekalu la wapagani, na juu ya paa bomba la moshi lililochongwa kwa umbo la chombo cha maua. Dirisha linaloelekea barabarani limechorwa kwa rangi ukutani, hata pazia lake limechorwa, kwa sababu bwana aliyezijenga hakupenda watu wa langoni wawachungulie wapita njia. Alitaka wasikie tu. Kazi ya mlinda lango ilikuwa kusikia kwato zikivuka daraja na kulifungua lango kabla farasi hawajapunguza mwendo. Farasi wakipunguza mwendo, mlinda lango ameharibu kazi.

Nyumba ya kushoto ni jiko na meza, na kuku wanapojisahau. Nyumba ya kulia ni kitanda. Basi tangu mwaka 1841 ukoo wangu umekuwa ukivuka barabara ya bwana kwenda kulala, mvua inyeshe isinyeshe, na kwetu hunyesha. Babu wa babu yangu alioa akavuka, akaugua akavuka, na alipokufa jikoni walimvusha, maana haikuwa heshima kumkesha maiti karibu na sufuria.

Sababu ya nyumba kuwa mbili anaieleza nyanya yangu, Dympna Gilsenan, na mimi namwamini kuliko vitabu. Mchoraji wa ramani, akiwa Dublin, alichora nyumba moja tu, upande wa kushoto wa lango. Alikuwa na haraka ya kwenda kula. Aliikunja karatasi wino ukiwa haujakauka, na ilipofunguliwa Clonavarra ilikuwa na nyumba mbili, ya pili ikiwa imegeuka. Fundi mwashi alikuwa mtu mtiifu, akajenga vyote viwili, mchoro na doa. Bwana aliporudi kutoka safari hakutaka kuonekana mtu aliyejengewa asichoagiza, akasema ndivyo alivyotaka tangu mwanzo. Tangu siku ile nyumba ya kulia kwetu inaitwa Doa.

Ila meko ya ndani yalikuwa yamechorwa kwa penseli, na penseli haiachi doa. Kwa hiyo fundi alijenga bomba la moshi juu ya paa la Doa, zuri kama la mwenzake, na chini yake hakujenga kitu. Bomba limekaa juu ya boriti za dari kama kofia juu ya mwanasesere.

Hapo ndipo kazi yetu ilipoanzia. Mke wa bwana yule hakuvumilia kuona bomba moja linatoa moshi na la pili limenuna. Akaamuru kwamba mtu wa nyumba yake akitoka safari, mabomba yote mawili yatoe moshi. Hakuna aliyethubutu kumwambia kuwa Doa halina meko. Mlinda lango wa kwanza alichukua ndoo ya chuma, akatia matofali ya udongo wa kinamasi, ule tunaoukausha na kuuchoma badala ya kuni, akafunika kwa majani mabichi, akapanda nayo darini na kuitundika chini ya bomba. Moshi ukapanda. Bibi yule akatabasamu ndani ya gari. Na hivyo ndivyo uongo unavyokuwa ajira.

Moshi wa Doa ulikuwa wa mabwana peke yao. Nilipokuwa na miaka saba baba yangu alirudi kwa likizo kutoka Coventry, ambako yeye na mama wanaunda magari, nami nikamuuliza Nyanya mbona hajampandishia moshi.

"Baba yako anajua njia," alisema, akaendelea kumenya viazi.

Mara ya mwisho ndoo ilitundikwa mwaka 1938, kwa arusi ya Bwana Desmond Haskett. Baada ya hapo vita, baada ya vita madeni na mapaa yanayovuja, na mabwana wakaanza kurudi kwa basi kama sisi.

Sasa nije kwenye masika ya mwaka huu, 1958, nilipokuja likizo ya Pasaka kutoka shule ya bweni ya masista. Siku niliyofika kulikuwa na barua mezani. Nyanya aliisoma mara mbili, akaiweka chini ya bakuli la siagi.

"Bwana Desmond anafuga ng'ombe wa nyama siku hizi," alisema. "Lori lao halipiti langoni. Anataka kubomoa Doa. Atanitilia kitanda hapa jikoni."

"Na mimi?"

"Wewe utalala na kuku. Mmezoeana."

Alicheka, lakini hakuimaliza chai yake. Katika kitanda cha Doa alizaa watoto watano, ambao sasa wako Boston, Birmingham na Coventry. Katika kitanda kile kile Babu Mattie alikufa miaka tisa iliyopita, na hadi leo Nyanya hulala upande wa ukutani, upande wa Babu akiuacha umetandikwa. Anavuka barabara kila jioni kumfuata. Hajawahi kusema hivyo. Mimi ndiye ninayesema.

Tulikuwa na silaha moja. Mwaka 1923 Bibi Mkubwa wa jumba, nyanya yake Bwana Desmond, alikuwa amemwandikia Nyanya karatasi yenye lakiri: ataishi bila kodi, maisha yake yote, katika kila nyumba ya langoni ambamo ana meko. Nyanya aliihifadhi nyuma ya picha ya Moyo Mtakatifu. Barua ya Bwana Desmond ilisema, kwa adabu nyingi, kwamba Alhamisi atakuja na wakili wake, Bwana Prunty, waangalie nyumba ya kulia. Kama ina meko, haigusi. Kama haina, basi.

Nyanya akasema ni Mungu anayejua. Mimi nikaona Mungu ana kazi nyingi.

Ni lazima nieleze kwamba shuleni nina sifa fulani. Ni mimi niliyeuvisha soksi ulimi wa kengele ya Sista Ignatius, shule nzima ikalala hadi saa tatu. Kwa hiyo Alhamisi asubuhi, Nyanya akiwa jikoni anaoka mkate wa maziwa lala, nilivuka kwenda Doa nikiwa na utulivu wa mtu anayekwenda kupokea komunyo. Nilitoa wavu wa chuma uliokuwa unaziba tundu la banda la kuku, nikausimamisha ukutani. Nilizungushia matofali kumi na manne yaliyokuwa yanashikilia tuta la maua. Nikaweka birika. Nikapaka ukuta masizi, na masizi yalipokwisha nikamalizia kwa rangi nyeusi ya viatu. Juu yake nikatundika Mtakatifu Yosefu, kwa sababu hakuna anayemshuku Yosefu. Kisha nikapanda darini na ndoo.

Sikuwa nimewahi kuitundika ndoo mimi mwenyewe, ila nilijua ndoano ilipo. Nilitia moto, majani mabichi, nikapuliza. Moshi ulijikusanya, ukafikiri kidogo, ukapanda.

Nilishuka nikamkuta Nyanya amesimama katikati ya barabara, mikono imejaa unga, anatazama juu. Alikuwa na umri wa miaka sabini na mbili na nilimwona kama msichana aliyeshikwa akichungulia.

"Attracta," alisema. "Umefanya nini?"

"Nimefanya kazi ya ukoo, Nyanya."

"Shuka ukazime."

"Nimeshashuka."

Kabla hajanijibu gari lilisikika darajani. Hasira haikumzuia. Miguu yake ilikimbia yenyewe, na lango likawa wazi huku gari bado linakuja kwa kasi. Lakini gari likapunguza mwendo, likasimama nje ya lango. Lilikuwa jambo la kwanza la namna hiyo katika maisha yake, na halikuwa kosa lake. Bwana Desmond alishuka. Ni mtu mrefu, mwenye koti lililotoboka viwiko, na ana tabia ya kuomba radhi milango. Alisimama akiutazama moshi wa kulia, kisha wa kushoto, kisha tena wa kulia, hadi wakili akapiga honi.

"Habari, Bi Gilsenan," alisema hatimaye.

"Karibu nyumbani, Bwana Desmond," Nyanya akasema, kama ambavyo angesema mwaka 1938.

Bwana Prunty wakili alikuwa mfupi, msafi, mwenye pua iliyosomea sheria. Alivua kofia mlangoni mwa Doa, akachovya kidole katika maji ya baraka, akajifanyia ishara ya msalaba, akaenda moja kwa moja hadi kwenye meko yangu. Aliinama. Alilitazama birika. Akapitisha kidole juu ya masizi, akakinusa.

"Masizi haya," alisema, "yananuka kama gwaride."

"Ni unyevu wa ukuta, bwana," nikasema.

"Unaitwa nani, binti?"

"Attracta Gilsenan, bwana."

"Unasoma?"

"Kwa masista, bwana."

"Poleni," alisema, sijui akiwahurumia nani. Akamgeukia Nyanya, akachomoa kalamu. "Bi Gilsenan, nitauliza mara moja tu, na nitaandika utakachonijibu. Moshi tumeuona sote barabarani. Hapa una meko?"

Hapo mambo yote yalikuwa yamekaa sawa. Wakili alitaka kwenda kula. Bwana Desmond alikuwa amesimama mlangoni na kofia mkononi, anatazama viatu vyake. Neno moja, ndiyo, na Doa lingekuwa letu hadi siku Nyanya atakapovushwa kwa mara ya mwisho. Nilimtazama kwa macho yote niliyonayo. Yeye alikitazama kitanda.

"Hakuna meko," Nyanya akasema. "Hayajawahi kuwapo. Hiki ni kiini macho cha huyu mtoto, na wavu huu ni wa kuku wangu."

"Nyanya."

"Nyamaza. Bwana Desmond, tumewadanganya nyinyi tangu siku lango hili lilipofunguliwa, na mimi mwenyewe nimewadanganya miaka mingi, na sikujuta. Lakini niliwadanganya mkiwa ndani ya gari. Mtu akishaingia nyumbani mwangu akavua kofia, simdanganyi."

Wakili aliandika. Kalamu yake ilikuwa na sauti ya panya. Mimi nilijifunza siku hiyo kwamba ukweli unaweza kumfanya mtu atamani kumpiga nyanya yake.

Bwana Desmond ndiye aliyeuliza, taratibu, "Kama hakuna meko, moshi unatoka wapi?"

Nyanya akaelekeza ngazi.

Tulipanda sote wanne, na nadhani ndiyo maana siisahau dari ile. Moshi ulikuwa mwingi, kwa kuwa mimi ni mwanafunzi tu. Wakili alikohoa kwa istilahi za Kilatini. Nyanya aliisogeza ndoo kwa kijiti, akapangusa boriti kwa kona ya aproni yake, na hapo nikaona nilichokuwa sijakiona asubuhi kwa haraka zangu. Boriti ilikuwa imekatwa kwa kisu kutoka mwisho hadi mwisho, alama ndogo ndogo, na kila alama ina herufi mbili na mwaka.

"Kila moshi tulikata alama," Nyanya alisema. "Ili anayekuja nyuma ajue kazi ilifanyika. Hii ya kwanza ni bibi harusi wa 1841. Hii ni jeneza lililotoka India. Na hawa ni mapacha, alama moja kwa wawili, babu alikuwa mvivu. Hii ni wewe, Bwana Desmond, ulipoletwa kutoka hospitali Dublin. Walisema ulikuwa unalia hadi farasi wakaona aibu."

Alicheka kidogo. Kisha kidole chake kikaruka alama moja na kwenda inayofuata, nami ambaye huona mambo yasiyonihusu nikaona kimeruka.

"Na hii?" akauliza Bwana Desmond. Naye alikuwa ameona.

Nyanya alishusha kidole. "Hiyo ni ya baba yako. Oktoba 1917, alipopewa likizo kutoka vitani. Walitupa habari kwamba anakuja na gari moshi la mchana. Nilipanda mimi, nilikuwa mke mpya hapa. Nilikwisha kukata alama na moshi umeshapanda alipofika yule mleta simu ya maandishi na baiskeli yake. Nilimfungulia lango. Sikujua anapeleka habari ya kifo chake."

"Nilikuwa juu ya ukuta," Bwana Desmond alisema. "Kule karibu na jumba. Nilikuwa na miaka sita. Yaya aliniambia nitazame mabomba, mioshi ikiwa miwili baba amefika. Nikaona mioshi miwili. Nikakimbia ndani kuwaambia."

Ndoo ilikuwa inapumua.

"Ningeweza kuuzima," Nyanya akasema. "Nilipojua. Lakini niliuacha ukaishia wenyewe. Niliona si vizuri kumzimia."

Bwana Desmond aliweka kidole gumba juu ya alama ile. Kilienea barabara. Alikaa hivyo muda mrefu kuliko ambavyo mtu hukaa katika dari yenye moshi, na aliposhuka macho yalikuwa mekundu, lakini yetu sote yalikuwa mekundu, kwa hiyo hilo si ushahidi.

Huko chini alizungumza na wakili wake kana kwamba wanajadili mvua.

"Prunty, lori lina upana gani?"

"Futi nane, bwana. Na karatasi ya 1923 iko upande wako. Bi Gilsenan amekiri mwenyewe."

"Nimemsikia. Ukuta ule karibu na daraja, ukivunja futi kumi na mbili?"

"Utakuwa umevunja ukuta mzuri, na njia mpya itagharimu kokoto za kutosha kuzika kanisa."

"Basi tutazika kanisa." Akamgeukia Nyanya. "Bi Gilsenan, Doa libaki. Nyote mnaliita hivyo, sivyo? Nyanya yangu aliniambia."

Nyanya alikaa kitandani, upande wa Babu, kitu ambacho sijawahi kumwona akifanya. "Bibi Mkubwa alijua?"

"Alijua jina. Sijui alijua nini zaidi."

"Na lango, Bwana Desmond? Kama magari yote yatapita kule?"

Bwana Desmond aligeuka akalitazama lango. Hakuwa amelifikiria hilo. "Lango litapumzika," alisema.

Walipoondoka mimi nilikuwa tayari kucheza dansi juu ya meza. Nyanya alikuwa anarudisha wavu kwa kuku. Nikamwambia tumeshinda, yeye akasema ndiyo, tumeshinda, na akaniuliza ni nani ataondoa rangi ya viatu ukutani. Kisha alikwenda akasimama langoni, akasukuma upande mmoja wa mlango wa chuma, akausikiliza unavyolia, akaurudisha.

Nilirudi shuleni. Katika barua zake aliandika juu ya kuku, juu ya padri, na mara moja juu ya mafundi waliovunja ukuta. Kuhusu lango hakuandika kitu. Mimi niliwaza, wakati wa hesabu na wakati wa sala, juu ya mwanamke ambaye masikio yake yamefundishwa miaka arobaini na moja kusikiliza daraja, na sasa kila kinachovuka daraja hugeuka kabla ya kumfikia. Nilikuwa nimemsaidia kuliokoa Doa. Sikuwa na hakika kama nilikuwa nimemsaidia yeye.

Mwishoni mwa Juni basi liliniteremsha upande wa pili wa daraja, mimi na sanduku langu na ripoti ya Sista Ignatius, ambayo sitainukuu. Tundu jipya ukutani lilikuwa na nguzo mbili za saruji zinazong'aa kama meno ya bandia. Matope ya ng'ombe yaliingilia hapo. Mbele zaidi, kwenye njia yetu, hapakuwa na alama ya gurudumu hata moja, na majani yalikuwa yameshaanza kuota katikati.

Nikainua macho kutafuta moshi wa jikoni, kwa kuwa nilikuwa na njaa.

Kulikuwa na mioshi miwili.

Nilisimama na sanduku. Nilitazama nyuma kuona ni Haskett gani anayekuja, lakini barabara ilikuwa tupu, mimi tu na kunguru mmoja. Moshi wa kulia ulikuwa mnene na mweupe, umenyooka, moshi wa mtu anayejua kazi. Nilipoanza kutembea tena nikaona lango limefunguliwa, milango yote miwili hadi mwisho, na kati yake amesimama Nyanya, aproni imejaa masizi, kisu kidogo cha viazi mkononi.

Nilikuwa nimeandaa utani mzuri tangu Mullingar. Badala yake nililiweka sanduku chini.

"Nilikusikia darajani," Nyanya akasema. "Ulipunguza mwendo."

"Nilikuwa natazama moshi."

"Basi kosa si langu," alisema, akalichukua sanduku.